Ubaki na wakili wako, umwongezee mwenzake, au umbadilishe shauri likiwa katikati?

Shauri langu liliitwa, nikasimama peke yangu. Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba akaniangalia kwa juu ya miwani na kuniuliza wakili wangu yuko wapi. Sikuwa na jibu. Simu yake ilikuwa inaita mpaka inakata. Baada ya kama dakika kumi akaingia kijana wa suti nyeusi ambaye sikuwahi kumwona, akainama kidogo, akasema amesimama kwa niaba ya wakili msomi mwenzake aliye na shauri lingine Mahakama Kuu, na anaomba tarehe nyingine. Ilikuwa mara ya nne kuahirishwa. Kwenye benchi nyuma yangu alikuwepo mzee niliyemtoa Bahi kwa nauli yangu aje atoe ushahidi. Alirudi Bahi na kofia yake mkononi, hajasema hata neno moja.

Nilitoka nje nimeshaamua: huyu wakili simtaki tena. Nikampigia shemeji yangu, mume wa dada, ambaye aliwahi kuwa na kesi ya mirathi iliyomla miaka sita. Nilitegemea aniunge mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Shemeji, jalada lako umelisoma?"

Sikuwahi hata kuligusa.

Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi Nkuhungu, si mwanasheria. Ninachoweza kukupa ni ulinganisho wa njia nilizozipima mwenyewe, pamoja na yale niliyoyaona kwa jirani zangu, maana Dodoma ya sasa kila mtaa una mtu mwenye shauri la kiwanja. Langu lilikuwa la kawaida kabisa: kiwanja Nala, muuzaji mmoja, wanunuzi wawili.

Kwanza jalada

Huwezi kulinganisha njia yoyote kama hujui shauri lako limefika wapi, na maneno ya wakili peke yake hayatoshi kukuonyesha, wala hasira yako haitakuonyesha. Mdaawa, yaani anayedai au anayedaiwa, ana haki ya kupitia jalada la shauri lake. Niliandika barua ya nusu ukurasa, nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, siku ya tatu nikakaa mezani kwa karani na jalada limefungwa kwa uzi. Kwa upande wa mahakama, tangu mwishoni mwa 2023 mashauri yanafunguliwa na kuendeshwa kwenye mfumo wa kielektroniki, lakini masjala ni ile ile: uliza, utaelekezwa.

Nilisoma mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya kilichotokea kila lilipoitwa, ukurasa kwa ukurasa. Kati ya ahirisho nne, moja tu ndiyo ilikuwa ya wakili wangu. Mbili ziliombwa na upande wa pili, na nyingine ilitokana na mzee wa baraza mmoja kuugua. Kwa maneno mengine, robo tatu ya hasira yangu nilimbebesha mtu asiyehusika.

Halafu nikaona jambo ambalo sikulitafuta. Ramani ya upimaji niliyompa wakili siku ya kwanza kabisa, ile yenye namba ya kiwanja na alama za mipaka, haikuwa imeambatishwa kwenye maombi yetu. Mkataba wa mauziano ulikuwemo. Stakabadhi ya benki ilikuwemo. Ramani hapana, na kwenye orodha ya nyaraka haikutajwa. Kumbe lililonikasirisha lilikuwa dogo, na lililokuwa linaniangusha sikulijua.

Ndiyo maana nasema usianze na swali la kama wakili wako ni mzuri au mbaya. Anza na jalada lina nini na linakosa nini. Na usiogope lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale inapobidi, na hata kilichoandikwa kwa Kiingereza kina tarehe na majina ambayo mtu yeyote anaweza kuyafuatilia kwa kidole.

Kubaki naye

Hii ndiyo njia watu wengi wanaiona ya wanyonge, na ndiyo iliyo sahihi mara nyingi kuliko tunavyokubali. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa reli, alikuwa na shauri Mahakama ya Wilaya. Mashahidi wote wameshasikilizwa, zimebaki hoja za mwisho na hukumu. Alikuwa hapendi namna wakili wake alivyomjibu kwa mkato. Alipotaka kumtoa, binti yake akamuuliza: baba, huyo mpya ataandika hoja za ushahidi ambao hakuusikia? Mzee akabaki. Mapenzi na wakili si sharti.

Faida ya kubaki ni kumbukumbu. Wakili aliyemhoji shahidi wa upande wa pili ameona shahidi alipotetereka, alipokunywa maji, alipobadilisha mwaka. Karatasi haziandiki yote hayo. Faida nyingine ni fedha: hulipi mara mbili kazi ya kusoma jalada.

Hasara yake ni kuona haya. Sisi watu wa huku kumwambia msomi "sijaridhika" tunaona kama kumvunjia heshima, basi tunanyamaza, tunanung'unika nyumbani, na shauri linaendelea kuharibika. Ukiamua kubaki, nenda ofisini kwake na karatasi yenye maswali matatu tu: kilichowasilishwa ni kipi, tarehe ijayo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa, na siku hiyo ataingia yeye au mwenzake. Mwombe majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Wakili mwenye kazi zake hakasiriki kwa maswali hayo. Akikasirika, umepata jibu la nne bila kuuliza.

Jambo moja lakini usilifumbie macho. Kama kosa ni la muda, yaani amepitisha siku za rufaa, ameacha shauri lifutwe kwa kutofika, au amewasilisha kitu asichokuambia, hapo kubaki kwa ajili ya kuelewana ni hatari. Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Mahakama ya Rufani ilishikilia hivyo katika shauri la Umoja Garage dhidi ya National Bank of Commerce, lililochapishwa kwenye ripoti za 1997, na linanukuliwa hadi leo. Hasara inakuwa yako, si yake.

Kuongeza wa pili

Watu hawaifikirii njia hii, na mimi mwenyewe niliijua nimeshachelewa. Hakuna kinachozuia mdaawa kuwakilishwa na mawakili wawili. Wa kwanza anabaki na historia ya shauri, wa pili analeta macho mapya. Jalada halihami, hakuna barua za kuagana, na baraza halioni mabadiliko yoyote zaidi ya jina lililoongezeka.

Lakini gharama inapanda, na kuna suala la nani anaongoza. Mafahari wawili hawakai zizi moja. Kama wakili wako wa kwanza ni mtu mzima wa fani na unamletea kijana, au kinyume chake, kaeni wote watatu na muandike nani anahoji mashahidi na nani anaandika. Njia hii inalipa pale kasoro ilipo moja na inajulikana: shauri limegusa upimaji, au kodi, au hesabu za kampuni, na wakili wako ni hodari lakini si wa eneo hilo. Kwa tatizo la mtu asiyepokea simu haisaidii. Utakuwa na wawili wasiopokea.

Kumbadilisha

Kisheria ni haki yako, na huhitaji ruhusa ya wakili unayemwacha. Ugumu uko kwenye wakati. Niliutengenezea jedwali nyuma ya daftari la mkopo dukani, nimelisafisha kidogo:

| Shauri lilipofikia | Ukibaki | Ukibadilisha |
|---|---|---|
| Limefunguliwa, nyaraka zinabadilishana mikono | Unaokoa fedha kidogo tu | Wakati mzuri kuliko yote. Makosa ya hati bado yanarekebishika |
| Usuluhishi | Anajua kiwango mlichotajiana | Inawezekana, ila mpya aambiwe ofa zote zilizotolewa |
| Upande wako umeanza kutoa ushahidi | Ana kumbukumbu ya mashahidi walivyojibu | Fanya tu kama jalada lina pengo kubwa |
| Hoja za mwisho | Karibu kila mara ni bora | Ghali, na faida ni ndogo |
| Hukumu imetoka, unataka rufaa | Anajua kosa lilipotokea | Mara nyingi ni bora, lakini siku zinahesabika |

Mimi nilikuwa mstari wa tatu, na pengo nililokuwa nalo lilikuwa kubwa.

Mstari wa mwisho, ule wa rufaa, unataka maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakiumia. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia barazani hapo, una siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni 30. Hukumu ya madai ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kwenda Mahakama Kuu, ni 90. Ukitoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe siku 60 tangu taarifa hiyo. Siku hizo haziwangoji wewe na wakili wako mmalize ugomvi. Kama uko ndani ya muda huo, peleka kwanza kinachotakiwa kupelekwa, tena siku hiyo hiyo uombe nakala za hukumu na mwenendo kwa barua na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ugomvi utafuata. Afadhali taarifa ya rufaa iliyowasilishwa na wakili usiyempenda kuliko rufaa nzuri iliyochelewa kwa siku moja.

Nyingine ya kuelewa: wakili mpya anarithi alichokikuta. Wadaawa hufungwa na hati zao. Kama hati ya madai haikutaja jambo, mpya hawezi kulizungumza tu siku ya kusikilizwa. Lazima aombe kuifanyia marekebisho, na upande wa pili utapinga. Shahidi aliyekwishasikilizwa haitwi tena kwa sababu umepata wakili mkali zaidi, bali kwa ruhusa. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba "tutaanza upya" ama hajaliona jalada lako, ama amekuona wewe.

Sasa namna ya kuagana. Nilifanya kosa la kutaka kumwambia kwa simu. Bahati nzuri hakupokea. Shemeji akaniandikisha barua hii, na mpaka leo naiona inatosha:

"Ndugu Wakili, nakushukuru kwa kazi uliyonifanyia katika shauri tajwa hapo juu. Kuanzia tarehe ya barua hii nasitisha uwakilishi wako. Naomba ndani ya siku saba unikabidhi nyaraka halisi nilizokupa, nakala za kila kilichowasilishwa barazani, na mchanganuo wa fedha nilizolipa na kazi zilizofanyika. Nitakuja kuchukua mwenyewe na kusaini."

Hakuna lawama ndani yake, na hiyo ni makusudi. Barua ya matusi inakufanya ujisikie vizuri jioni moja, halafu inakaa kwenye faili la mtu mwenye nyaraka zako halisi. Ilisainiwa kwenye kitabu cha makabidhiano na katibu muhtasi wake, nikapiga picha ukurasa.

Baada ya hapo wakili mpya anawasilisha taarifa barazani au mahakamani kwamba sasa yeye ndiye anayekuwakilisha, na nakala inaenda upande wa pili. Kwa Mahakama ya Rufani, kanuni zake za 2009 zinataka taarifa ya mabadiliko ipelekwe kwa Msajili na kwa wapinzani mapema iwezekanavyo. Usiache siku ipite kati ya barua ya kuagana na taarifa ya wakili mpya huku tarehe ya shauri iko katikati. Nimemwona mama mmoja aliyemtoa wakili wake Ijumaa, akidhani shauri litasubiri. Jumanne likaitwa, hakuna aliyeitika, likafutwa. Ilibidi aombe lirudishwe, na ombi hilo nalo lina siku zake 30. Hata kama huna wakili mpya, tarehe ikifika nenda mwenyewe, simama, sema umeachana na wakili na unaomba muda wa kuweka mwingine.

Fedha na jalada lililoshikiliwa

Tulikuwa tumekubaliana milioni tatu, nilikwishalipa mbili. Alipopata barua yangu akaniandikia anadai milioni iliyobaki, na kwamba nyaraka ziko salama ofisini. Nilielewa maana ya neno "salama".

Wakili ambaye hajalipwa haachwi mikono mitupu. Anaweza kung'ang'ania karatasi alizonazo mpaka deni lake lishughulikiwe. Lakini kwa upande mwingine, kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zinamtaka anayeondoka asikuache shauri likiharibika, atoe hesabu, na ashirikiane na anayepokea. Kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi ya mazungumzo. Mkishindwana kuhusu kiasi, ada inaweza kwenda kutathminiwa na afisa wa mahakama anayetoza gharama, kwa Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015. Sisi hatukufika huko. Nilikwenda na orodha ya tarehe kutoka kwenye jalada, nikamwonyesha hatua zilizofanyika na ambazo hazijafanyika, tukamalizana kwa laki nne. Nikadai risiti. Akatoa. Na nikapata mkataba wangu halisi wa mauziano, ambao nilikuwa nimempa bila hata kubaki na nakala iliyothibitishwa. Usinifuate katika hilo.

Wakili mpya alitaka milioni mbili na nusu kumalizia. Ukijumlisha, kubadilisha kulinigharimu zaidi ya mpango wa awali kwa karibu milioni mbili. Mtu akikuambia kubadilisha wakili hakuna gharama, muulize nani anamlipa.

Kuhusu malalamiko: ipo Kamati ya Mawakili iliyoundwa na Sheria ya Mawakili, ambayo inaweza kuonya, kusimamisha au hata kuagiza jina liondolewe kwenye orodha ya mawakili. Ni ya makosa ya kimaadili, kama kula fedha za mteja au kuuza shauri. Haisimamishi shauri lako na haikurudishii kiwanja. Mimi sikwenda, kwa kuwa ramani iliyosahaulika niliona ni uzembe, si wizi.

Mpya awe wa Dodoma au wa Dar?

Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024, swali hili limebadilika. Zamani wakili wa Dar alikugharimu safari ya siku nzima na kulala. Sasa anaweza kushuka asubuhi na kurudi jioni. Kuwasilisha nyaraka kwa mtandao nako kumepunguza safari. Bado, nauli na posho yake unalipa wewe, hata siku shauri linapotajwa kwa dakika tatu.

Mimi nilichagua wa hapa, na sababu yenyewe ilikuwa karatasi. Viwanja vingi vya Dodoma vina historia ya CDA, mamlaka iliyoanzishwa 1973 kwa ajili ya ustawishaji wa makao makuu na kuvunjwa Mei 2017, majukumu yake yakahamia halmashauri ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Wakili aliyefanya kazi hapa anajua barua ya toleo, ile ya kukupa kiwanja, ya kipindi kile inafananaje na ya sasa, na anajua aanzie dirisha gani kuomba uthibitisho. Wa Dar angejifunza kwa fedha yangu. Ingekuwa ni rufaa ya hoja za sheria tupu mbele ya Mahakama ya Rufani, labda ningepanda treni kumfuata.

Ubaya wa wa hapa ni kwamba mji bado ni mdogo. Muulize mapema, kabla hujamweleza siri yoyote, kama amewahi kumfanyia kazi mpinzani wako. Wa kwanza niliyemwendea, ofisi yake iko karibu na Nyerere Square, alinisikiliza jina la mdaiwa, akafunga kalamu na kusema hawezi. Nilimheshimu kwa hilo kuliko wengi.

Na kagua leseni. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, na Mahakama ina mfumo wa mtandaoni wa e-Wakili ambapo unatafuta jina na kuona kama mtu ni wakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Inachukua dakika mbili kwenye simu. Mtu aliyetoka kwa wakili mmoja kwa hasira ndiye chakula cha vishoka: wanakaa karibu na majengo ya mahakama na mkoba, wanazungumza Kiingereza cha sheria, wanakuambia wakili wako "aliongea na upande wa pili". Nyaraka zilizoandaliwa na asiye na sifa zinaweza kutupwa, na shauri likaenda nazo.

Kusimama mwenyewe, au msaada wa kisheria

Hapa nitapita haraka kwa sababu kwa shauri langu sikuona inafaa. Mahakama ya Mwanzo watu wengi wanasimama wenyewe na wanafanya vizuri. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa hata kuingia kule. Barazani nako nimeona akina mama wanaojieleza kuliko msomi yeyote. Lakini upande wa pili ukiwa na wakili anayeweka pingamizi la awali, la kutaka shauri lisisikilizwe kabisa, kila mwezi, utachoka.

Kama fedha ndiyo imekwisha, usikae kimya. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na watoa huduma waliosajiliwa chini yake. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo imepita mikoa mingi ikisikiliza migogoro ya ardhi na mirathi. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kukuelekeza na kukusuluhisha, ila hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Kwa mwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu habari ni tofauti, huwekewa wakili kwa gharama za serikali. Huyo naye anaweza kuweka wakili wake mwenyewe akiwa na uwezo.

Nilipofikia

Wakili mpya aliomba baraza lipokee ramani nje ya orodha ya awali. Wakili wa upande wa pili alipinga kwa karibu saa nzima, akisema tumechelewa na kwamba kubadilisha wakili si sababu. Hapo nilitetemeka, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mwanamke huyu niliyemweka, mtulivu, sauti ya chini, hakuzungumzia wakili aliyetangulia hata mara moja. Alisema ramani imetajwa ndani ya mkataba ambao tayari uko mbele ya baraza, usikilizwaji haujafungwa, na mdaiwa atapata nafasi ya kuihoji. Ikapokelewa. Tuliamriwa kulipa gharama za siku hiyo.

Miezi miwili baadaye mzee wa Bahi alirudi. Safari hii nilimfuata mwenyewe stendi ya Nanenane, tukanywa chai kwanza. Alisimama mbele ya baraza kama dakika ishirini, akaeleza mti wa mkwaju uliokuwa kwenye kona ya kiwanja kabla haujakatwa, na mwenyekiti akaandika. Nje ukumbini nilikutana na yule kijana wa suti nyeusi, akanisalimia "shikamoo mzee", nikamwitikia. Hukumu bado haijatoka.